Jeusi Halioshwi Saa Saba

Nilianza kuosha magari mwaka 1999 pale Mwenge, Dar es Salaam, nikiwa nimetoka Muheza na begi moja na barua ya mama kwa kaka yake. Mjomba alikuwa na eneo dogo nyuma ya vibanda vya wachonga vinyago, chini ya mwarobaini mkubwa: mapipa mawili, mpira wa maji, ndoo kadhaa na vipande vya godoro la sponji. Miezi ile ya mwanzo hakuniruhusu kugusa gari jeusi. Jeupe, la fedha, la kijani, hayo nilipewa. Jeusi likiingia, alivua shati akaosha gari mwenyewe. Nilidhani anawinda bakshishi, maana magari meusi yalikuwa ya wenye nafasi. Siku nilipomuuliza, akaushika mkono wangu na kuulaza mgongo wa kiganja juu ya boneti ya gari lililotoka juani. Niliuvuta haraka. "Mpwa wangu," aliniambia, "hapo ungemwaga sabuni, ungekuwa unakaanga."

Kila nilichojifunza baadaye kimesimama juu ya joto lile. Rangi nyeusi inameza karibu mwanga wote unaoipiga na kuugeuza kuwa joto, wakati nyeupe inarudisha sehemu kubwa ulikotoka. Miaka ya karibuni mteja wangu mmoja, fundi wa viyoyozi, aliniachia kipimajoto chake cha kulenga bila kugusa. Mwezi wa pili, saa saba mchana, nikayalenga magari mawili yaliyoegeshwa bega kwa bega. Boneti ya jeupe haikufika nyuzi 50. Ya jeusi ilipita 70. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba. Siku hizo, mchana, hata ukuta mrefu haukupi kivuli cha kuweka ndoo. Kaskazi inapovuma, Desemba hadi Machi, ndipo kazi inapokuwa ngumu kweli. Kusi ikiingia napumua kidogo, ingawa inakuja na vumbi lake.

Kwenye rangi ya moto namna ile, sabuni inakauka kabla hujafika mlango wa nyuma. Wakati ule wengi wetu mjini tulioshea sabuni ya unga ya nguo, kwa kuwa ni rahisi na povu lake ni jingi. Lakini ile sabuni imetengenezwa kung'oa mafuta kwenye nguo. Ikipita kwenye gari inaondoka na waksi yote, na ikikaukia juu ya boneti inaacha michirizi ambayo jeupe litaificha na jeusi litaitangaza hadi barabara ya pili. Mjomba aliipiga marufuku kwake mapema sana, akawa ananunua shampuu ya gari kwa galoni na kuipima kwa kifuniko. Majirani walimwona anajitia hasara.

Maji ndiyo yaliyonichukua miaka kuyaelewa. Ukitaka kujua, chuchumaa karibu na boneti nyeusi iliyoachwa juani bila kufutwa, utazame tone moja tu. Linaanza likiwa limevimba, upana wa ukucha wa kidole cha mwisho, na ndani yake unaona mwarobaini mzima kichwa chini. Kingo zake hazirudi nyuma, zinakwama pale pale. Tumbo ndilo linaloshuka. Kinabaki kiduara cha ukungu, halafu pete nyeupe, nzito ukingoni kuliko katikati. Ukipitisha kidole unausikia ule ukingo. Wapo wanaosema tone linaunguza rangi kwa kukusanya jua kama lenzi, na nimewasikia hata mafundi wa rangi wakilisema hilo kwa kujiamini. Lakini kinachoumiza ni kile maji yalichokuja nacho. Chini ya sehemu kubwa ya pwani yetu kuna mawe ya matumbawe. Maji ya kisima yakipita humo yanabeba chokaa, na visima vya karibu na bahari vina chumvi yake juu ya hapo. Maji yanaruka hewani, chokaa na chumvi vinabaki, na joto linavishindilia kwenye rangi.

Pete ikiwa changa, dawa yake iko dukani: siki nyeupe, ile ya kawaida yenye asidi asilimia 5 hivi, nusu kwa nusu na maji. Unaipaka rangi ikiwa imepoa, kivulini, unaiacha dakika chache, unasuuza sana. Ikishakula rangi, siki haitoshi tena. Hapo ni kupiga polishi, yaani kuondoa ngozi ya juu ili ufikie usawa wa lile shimo. Na ngozi yenyewe, inayoitwa klia, ni nyembamba. Klia ya gari la kiwandani ina unene wa maikroni 40 au 50, wakati unywele wa binadamu una karibu 70. Mtu akiniletea gari lililopolishiwa kila sikukuu nasikitika, maana najua kilichobaki pale juu ni kidogo kiasi gani.

Ndiyo maana mjomba alikinga maji ya mvua. Alifunga mfereji wa bati kwenye kibanda chetu ukamwaga kwenye tenki la plastiki, na maji hayo ya masika na vuli hayakuoshea chochote. Yalikuwa ya kusuuzia mara ya mwisho, magari meusi tu, kwa kopo. Maji ya mvua hayajagusa mawe, hayana chokaa. Hata ukichelewa kuyafuta hayaachi pete ile ya chokaa. Tenki lile liliheshimiwa kuliko kisanduku cha hela. Mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua na mji ukagawiwa maji kwa zamu, wenye kuosha magari wengi waligeukia visima moja kwa moja, na kwa miezi kadhaa baadaye nilipokea magari meusi yaliyojaa madoa utadhani yamenyunyiziwa chokaa. Sikuwalaumu vijana walioyaosha. Hakuna aliyewahi kuwaambia.

Utaratibu wa gari jeusi naweza kuusema nikiwa usingizini. Unalisogeza kivulini, unafungua boneti injini ipumue, unasubiri. Unajaribu kwa mgongo wa kiganja. Kama mkono haukai, na wewe bado hujaanza. Magurudumu kwanza, kwa ndoo yake na brashi yake, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Kisha maji mengi kutoka paa kushuka chini, ili mchanga uondoke kabla kitambaa hakijagusa kitu. Ndoo mbili: moja ya shampuu, moja ya kusuuzia kitambaa. Kipande cha godoro tulikitupa zamani, kwa sababu kinashika punje ya mchanga na kuizungusha mwili mzima wa gari. Ile mikwaruzo ya duara unayoiona kwenye gari jeusi likisimama chini ya taa ya sheli usiku, mingi imeingizwa na mtu aliyekuwa anaosha. Unamaliza paa, unasuuza paa. Unamaliza boneti, unasuuza boneti. Hakuna mahali panaporuhusiwa kukauka penyewe. Kukausha ni kwa taulo nene la maikrofaiba, unalilaza na kulivuta taratibu bila kukandamiza.

Kivuli nacho kina mambo yake. Mwembe una kivuli kizuri kuliko mti wowote mjini, lakini wadudu wanaonyonya majani yake wanadondosha majimaji matamu yanayoganda juu ya paa, na baadaye yanaota ukungu mweusi. Mwarobaini ni msafi zaidi, ila kunguru wanaupenda. Kunguru hawa weusi wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na baadaye wakaenea bara, wameninyima usingizi kuliko mteja yeyote. Kinyesi chao kikidondoka asubuhi kwenye gari jeusi, mchana rangi inalainika na kutanuka kwa joto, kinyesi kikiwa kimeshakauka. Jioni rangi inapoa na kujikunja ikifuata umbo la kile kilichokaa juu yake. Ukikitoa kesho unaona doa lililofifia, lenye ramani yake. Usikikwangue. Loweka kitambaa, kilaze juu, kiache kikae hadi kinyesi kilainike, kisha kinyanyue kwa pamoja. Ndani yake kuna mchanga na mbegu, na ukisugua umeongeza mikwaruzo juu ya doa.

Magari yaliyotumika Japani yalipojaa mjini, jeusi likawa si la wakubwa peke yao tena. Vijana wa ofisini wakaja na Crown na Mark X nyeusi, wameweka akiba miaka, na walitaka zing'ae kama walivyoziona kwenye picha ya mnada. Hapo nilijifunza kusoma kibati cha Toyota chenye namba ya rangi. Nyeusi ya 202 inajulikana kwa ulaini, na kwenye baadhi ya magari ya zamani haina klia kabisa. Unaijua kwa kitambaa: ukipitisha polishi kidogo mahali pasipoonekana, kitambaa kikatoka cheusi, unachofuta ni rangi yenyewe. Gari la namna hiyo unalishika kwa mkono, kwa polishi laini, na unamwambia mwenyewe ukweli kabla hujagusa.

Jumamosi moja ya Oktoba aliingia kijana na Mercedes nyeusi ya kukodi, ya kubebea maharusi, saa sita na nusu. Ilikuwa imetoka Bunju kwa jua lote lile. Alitaka ioshwe, ipigwe waksi, ifungwe riboni, iwe kanisani saa nane.

"Kaka, nipe nusu saa ipoe," nikamwambia.

"Bro, bwana harusi ananipigia simu kila dakika. Piga maji tu twende."

"Kioo cha mbele kina ufa pale chini, umeuona? Nikikimwagia maji baridi saa hizi utakimbia mpaka juu. Halafu utaniambia mimi."

Alikiangalia kioo, akanyamaza. Tukaisogeza chini ya turubai, tukamwaga maji sakafuni kuizunguka, tukaanza na magurudumu, tukapanda kutoka sehemu za chini za milango kuelekea juu, kidogo kidogo, kuirudisha rangi kwenye joto la kawaida. Boneti na paa vilikuja mwisho. Kioo tulikifuta kwa kitambaa chenye unyevu. Waksi nilikataa kabisa. Kwenye rangi ya moto inakauka papo hapo na kuacha mawingu, na picha za harusi zinadumu. Nikaisuuza kwa maji ya mvua na kuikausha kwa mataulo mawili, msaidizi wangu upande wake na mimi wangu. Ilitoka saa nane kasorobo. Yule kijana amekuwa mteja hadi leo, na siku hizi anapiga simu tangu Ijumaa.

Mjomba alirudi Muheza mwaka 2011, magoti yamemshinda, akaniachia eneo na tenki. Jambo ambalo mimi nimeliongeza ni la watu. Tuliongea miaka yote kuhusu joto la boneti, na hakuna aliyeuliza joto la anayeiinamia. Gari jeusi saa saba linakupiga mara mbili, jua mgongoni na chuma usoni. Nimeona kijana wa ishirini na kidogo akikaa chini ghafla, midomo imekauka, haelewi anaitwa nani. Tukampeleka kivulini, tukamvua shati, tukammwagia maji yale yale tuliyokuwa tunayabania magari. Alipona. Tangu siku ile, kati ya saa tano na saa tisa hakuna jeusi linaloshikwa nje kwangu, hata la nani. Kuna ndoo ya maji ya kunywa yenye mfuniko, na ukipita bila kunywa nakuita. Kuna buti za mpira, kwa sababu vidole vya miguu vya waosha magari vinaoza kimyakimya. Kuna glovu kwa anayeshika dawa ya rimu, maana ile ni asidi, na mikono ya mjomba ilikuwa imepasuka hadi hakuweza kushika sindano.

Saa hizo za katikati tunafanya ndani: makapeti, viti, dashibodi, kufyonza mchanga chini ya pedali. Hela yake si mbaya. Magari meusi nayapanga alfajiri, mawili kabla jua halijavuka bati la jirani, na mengine kuanzia saa kumi na moja jioni. Bei yake iko juu kuliko ya jeupe, na imeandikwa ubaoni. Wapo wanaogoma na kwenda kuoshewa barabarani. Nawaombea tu yule atakayewaoshea awe na maji mazuri na mahali pa kujificha jua.

Mwaka huu nimefunga turubai la pili upande wa magharibi, kwa sababu jua la saa kumi linaingia chini ya lile la kwanza na kugonga milango yote ya upande huo. Nguzo zake ni mabomba ya chuma niliyochukua kwa mkopo kwa mchomeleaji wa jirani. Bado ananidai nusu, na nusu hiyo tumekubaliana niimalizie kwa kumwoshea Noah yake, ambayo kwa bahati nzuri ni nyeupe.