Kopo la Maziwa

Mwaka 2004 nilikuwa mwalimu wa darasa la sita Lokandu, Kongo, chini ya Kindu ukifuata maji ya Lualaba. Vita ilikuwa imetoka kupoa. Watoto waliopotelea msituni miaka miwili mitatu walikuwa wamerudi masomoni, basi kwenye benchi moja utamkuta wa miaka 11 amebanana na wa 15 ambaye sauti imeshaanza kumvunjika. Na kambi ya askari ilikuwa palepale, kama tangu enzi za Wabelgiji.

Tuliambiwa tufundishe sida, yaani UKIMWI. Tuanzie wapi, hakuna aliyesema. Mwanamuziki Franco alikwisha kuutaja ugonjwa huo kwa jina katika wimbo *Attention na SIDA* tangu 1987, na Radio Okapi waliuzungumza hewani. Lakini redio haitazamwi usoni na watoto wa jirani.

Mimi nikaanzia kwenye wembe. Wembe hata mbele ya mkwe unausema. Nikauchora ubaoni, nikaeleza habari ya damu, wakaandika. Jumamosi mama mmoja akanishika mtoni: mwanawe ameukimbia mkeka, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado, anapiga kelele kwamba mwalimu amekataza. Nilicheka, na kusema kweli nilijiona hodari.

Ndipo nikaleta kopo tupu la maziwa ya unga, nimelitoboa kifuniko. Andikeni maswali, msitie jina. Siku ya kwanza yalikuja ya mbu: akimnyonya mgonjwa kisha akaninyonya mimi? Nikawajibu kwamba mbu hunywa tu, damu ya mwenzako haimimini ndani yako, na virusi havizaliani mwilini mwake. Likaja la kula wali sahani moja na mgonjwa. Likaja la uchawi, nalo tulizunguka nalo sana.

Kikaratasi cha mwisho kilikuwa kimekunjwa mpaka kikawa kama jino. Karatasi ya mraba, kalamu ya risasi: «Mwalimu, kama askari ananipa sabuni, na wembe hana, sida itanikamata?»

Mwandiko niliujua. Imla yake nilikuwa naisahihisha kila wiki. Herufi *k* aliiegemeza nyuma kama mtu aliyechoka.

Jibu nilikuwa nalo. Neno kapoti, kondomu, nilikuwa nalo pia, limesimama kooni. Na nilielewa kuwa mtoto yule haniulizi ugonjwa peke yake. Sabuni ile ilitaka mtu mzima wa kuinuka na kwenda kugonga mlango fulani. Darasa zima lilikuwa linaningojea. Yeye alikuwa ameinamia daftari, anapigia mstari kichwa cha somo ambacho alishakipigia.

Nikakikunja kikaratasi tena, nikakitia mfuko wa shati, nikasema: «Hili limefanana na lile la mbu.» Nikaeleza mbu upya, kwa kirefu.

Wiki iliyofuata kopo lilijaa. Yote yalikuwa ya mbu.