Dexa ya shangazi

Leo siwaletei habari za vita. Naongelea shangazi yangu.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, watu wengi wa Goma waliamriwa kuondoka, na wengi wakaja Sake, huku kwetu Masisi. Shangazi alifika na godoro na kikohozi. Siku zile nilikuwa nikisoma redioni habari za India: wagonjwa wa korona walishambuliwa na kuvu nyeusi inayoharibu pua, macho, hata ubongo. Msikilizaji wa Walikale akapiga simu kuuliza kama itafika na ndege zinazotua barabarani Kilambo. Nikamjibu haraka kwamba hiyo ni ya mbali. Jibu hilo linanisumbua hadi leo.

Maana kuvu haingoji ndege. Iko kwenye udongo, kwenye majani yaliyooza, katika hewa tunayovuta. Na aina nyingine huishi mdomoni mwetu bila kutudhuru, kwa kuwa mwili unaizuia. Virusi vikidhoofisha mwili, inapata nafasi. Kule India wengi walioshikwa na ile nyeusi walikuwa na kisukari, tena walikuwa wamepewa dawa za aina ya dexa. Dexa si sumu: utafiti wa Uingereza wa mwaka 2020 ulionyesha inaokoa mgonjwa wa korona anayehitaji oksijeni. Asiyehitaji oksijeni haikumsaidia. Na inapunguza kinga, inapandisha sukari.

Shangazi pumzi yake ilikuwa nzuri. Alinunua dexa kwenye duka la dawa la barabarani, bila karatasi ya munganga, akameza karibu mwezi mzima. Hata wenzake waliporudi Goma, yeye alibaki kwangu. Mashavu yakajaa, nasi tukamsifu! (Wapo wanaoimeza makusudi ili wanenepe.) Kisha akakataa bugali, akisema inamchoma. Nikammulika kwa simu: ulimi wote mweupe, kama umepakwa maziwa yaliyoganda.

Kwenye kituo cha afya muuguzi alianza na swali moja: «Mama, unameza dawa gani?» Shangazi akanyamaza, mimi nikatoa kopo. Sukari ilikuwa juu. Muuguzi hakumwachisha dexa siku ile, kwani aliyeizoea kwa majuma mengi akiiacha ghafla anaweza kuzidiwa. Alimpangia kuipunguza kidogo kidogo, akampa nistatini ya maji ya kuzungusha mdomoni kabla ya kumeza. Pembeni yetu alikaa mtoto wa familia iliyokimbia, ametoka kuugua surua, mdomo mweupe vilevile. Huyo hakuwa amemeza dexa yoyote. Surua na njaa vilitosha.

Baada ya majuma mawili shangazi mwenyewe aliomba bugali na sombe. Nilipokunja godoro lake nikakuta kopo la pili. Alisema jirani anakohoa, anataka amgawie. Tuligombana hadi usiku.