Mchoro Mmoja

Kisiwani petu karatasi haina umri mrefu: mvuke wa bahari huilainisha, mchwa huitafuna, na iliyosalimika huishia kufungiwa njugu. Michoro ya mwanangu, rundo zima mvunguni mwa kitanda, nami nilikusudia kumpa muuza njugu wa mtaani.

Katika kuipanga nikauona mmoja: bibi yake yuko barazani, anasuka ukili, miguu mirefu kuupita mlango. Marehemu mama hakupenda kupigwa picha. Hatuna hata moja.

"Mbona miguu mirefu hivi?" nikamwuliza.

"Ndiyo niliyokuwa nikiilalia, mama."

Michoro mingine nimejalidia madaftari yake ya skuli. Huo nimeulaza sandukuni, baina ya kanga za mwenyewe, pamoja na karafuu.