Betri Zinazolala na Njaa

Kazi ya betri niliianza mahali ambapo hapakuwa na paneli hata moja ya sola. Kilikuwa kibanda cha kuchajia betri mjini Sengerema, miaka ya tisini. Watu walitoka vijijini na betri ya gari imefungwa kwa mpira nyuma ya baiskeli, wanaiacha asubuhi, wanakwenda sokoni, jioni wanaifuata ili redio na taa mbili ziwake tena. Jenereta letu lilikula petroli, na bosi alikuwa na sheria moja: betri ikianza kuchemka, chomoa, weka nyingine.

Nyuma ya sheria ile kulikuwa na hesabu. Betri ya risasi na asidi hupokea chaji haraka mpaka ikaribie asilimia 80. Sehemu iliyobaki huingia polepole kwa saa kadhaa, hata ukiwa na jenereta la kuwasha kijiji kizima. Kwa mwenye jenereta, saa hizo ni hasara tupu. Basi karibu kila betri iliyotoka pale ilikwenda haijajaa, na mwenyewe amelipa bei ya iliyojaa. Ikifa mapema, anaambiwa betri za siku hizi ni mbovu, anauziwa nyingine. Maneno hayo, kwamba betri za siku hizi ni mbovu, nimeyasikia maisha yangu yote ya kazi. Mbovu zipo, sikatai. Lakini nyingi nilizozika ziliuawa.

Betri inapotoa umeme, asidi yake hushikana na risasi ya bamba na kutanda utando mweupe wa salfeti. Utando huo ukiwa mpya ni laini, ukichaji unayeyuka na kurudi kwenye maji. Ukiachwa wiki nzima unakomaa kuwa chembe ngumu, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Ndivyo ilivyo tangu Mfaransa Gaston Planté alipounda betri ya kwanza ya aina hii mwaka 1859. Kwa hiyo kinachoimaliza mapema si kutumika tu. Kulala na njaa ndiko kunakoiua.

Hilo nililiona wazi zaidi nilipoanza kuzunguka mialo ya Ziwa Victoria. Wavuvi wa dagaa walikuwa wanaacha karabai na kuhamia taa za betri, nami nikapata kazi isiyokwisha. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukikua, taa haziwavuti tena, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, vijana wanakwenda makwao kupumzika. Betri nazo zinatupwa stoo jinsi zilivyotoka majini, zikiwa na volti 11 na kitu, mpaka giza lirudi. Kila mwezi hivyo hivyo. Ukitaka kubuni njia ya uhakika ya kukomaza salfeti, hutapata iliyo bora kuliko kalenda ya dagaa.

Tajiri mmoja mwenye mitumbwi kadhaa alinibishia sana. "Fundi, mimi nazichaji siku ya kuingia ziwani. Unataka nilipe mara mbili?" Nikamwambia, mzee, betri inataka kula siku inaporudi, siyo siku inapoondoka. Alikubali shingo upande, tukaweka paneli juu ya paa la kambi, kila betri ikajazwa kabla ya mbalamwezi na kuongezwa chaji tena katikati yake. Zake zilivuka mwaka wa pili, ilhali jirani yake alibadilisha kabla mwaka haujaisha. Hakuniambia asante. Alinitumia wateja.

Nchi kavu tatizo lilikuwa jingine. Mwalimu mmoja alikuwa na paneli ya wati 50 na betri ya ampea-saa 100. Usiku umeme haukumtosha, akaniita nimwongezee betri ya pili. Nilikaa naye tukapiga hesabu kwa chaki. Paneli ile ikipata jua kali hutoa karibu ampea 3. Kwa saa tano za jua zuri ni ampea-saa 15 hivi. Televisheni na taa zake zilikula 20. Kila siku alikuwa anakopa tano, na betri ya pili ingekuwa mdomo wa pili kwenye sufuria ile ile. Alichohitaji ni paneli. Wauzaji wengi hawakwambii hivi, kwa sababu anayenunua betri atarudi, na anayenunua paneli harudi.

Vinyozi na wenye vibanda umiza vya kuonyeshea mpira ndio walionichosha. Kontrola, kifaa cha kulinda betri, ikikata umeme kwa kuwa betri imeshuka, wao huona imewadhulumu, hasa mechi ikiwa dakika ya sabini. Wanachomoa inveta pale na kuifunga moja kwa moja kwenye vichwa vya betri. Mechi inaisha, betri nayo. Niliwafundisha kusoma namba mbili tu kwa mita ya bei rahisi, betri ikiwa imepumzika bila mzigo: 12.7 imejaa, 12.2 imefika nusu, zima. Waliozishika namba hizo sikuonana nao mara kwa mara.

Kuhusu maji ningeweza kuongea mpaka kesho. Kinachopungua ndani ya betri ya kuongezwa maji ni maji yenyewe, asidi inabaki. Bado kila mtaa una mtu anayeongeza asidi ili "kuipa nguvu". Betri itaonekana kufufuka kwa muda, huku bamba zinaliwa. Weka maji yaliyotoneshwa yanayouzwa dukani, usiweke ya kisima wala ya bati, tena uyaweke baada ya kuchaji, bamba zikiwa zimefunikwa. Katika zahanati moja nilikuta betri zimefungiwa kabatini kwa kufuli, funguo zimepotea. Tulivunja kufuli. Bamba zilikuwa zimekauka nusu, na wakunga walikuwa wanazalisha kwa tochi ya simu.

Kabati lenyewe lilikuwa kosa jingine. Betri inayochajiwa hutoa gesi ya hidrojeni, inayolipuka kwa cheche moja, na joto linaila: kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha yake kwa karibu nusu. Iweke kivulini penye hewa, mbali na bati. Vichwa vikiota unga, osha kwa maji ya magadi, kausha, paka grisi. Lile dai la sakafu ya saruji kuinyonya betri liliisha na makasha ya zamani. Kwa haya ya plastiki, sakafu haina neno.

Siku hizi lithiamu zimeingia, zenyewe hazijali kuachwa nusu, na mwenye uwezo namshauri anunue. Wengi bado wana za risasi, na hata zikitunzwa vipi, siku yake hufika. Hapo nina ombi kwa ndugu zangu wa mialoni. Msizipasue kuyeyusha risasi ya kuzamishia nyavu, tena kwenye jiko wanapopikia mama na watoto wanacheza kando. Moshi na vumbi la risasi vinaharibu ubongo wa mtoto, na hakuna dawa ya kuurudisha. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu, na sumu hiyo iliwaingia mwilini. Phyllis Omido aliyewapigania alipewa tuzo ya Goldman mwaka 2015. Betri iliyokufa ipelekeni nzima, na asidi yake ndani, kwa muuzaji anayekusanya kuukuu. Wananunua kwa kilo.