Nani Akae na Nani

Watu wengi wanaoanza kufuga samaki wa mapambo huchagua kwa macho: huyu mwekundu, huyu mwenye mkia mrefu, yule anayechekesha. Mimi naona rangi iwe swali la mwisho. Nyumbani kwetu Woolwich tuna tanki la lita 180, tuliloachiwa na jirani aliyehama, na kabla ya kuweka samaki hata mmoja tulibishana karibu miezi miwili kuhusu nani akae na nani. Nawaandikia wanachama wenzangu habari za ubishi huo kwa sababu ulinipa maneno ya Kiswahili ambayo sikuyapata darasani, na habari za kwao Mama ambazo sikuwahi kuziuliza.

Mdogo wangu, mwenye miaka 11, alitaka neoni, wale wadogo wenye mstari wa buluu unaong'aa. Mama, aliyezaliwa Mwanza, alitaka furu. Neno hilo sikulijua. "Furu ni furu," akasema. "Visamaki vya ziwani. Bibi yako alikuwa anavianika juani."

Kazi ya kuamua nikapewa mimi, mtoto mkubwa. Nilisoma, kisha nikabaki na maswali matatu.

La kwanza ni maji. Maji ya bomba ya London ni magumu, kwa kuwa mengi yamepita kwenye miamba ya chokaa. Ndiyo maana birika zetu hushika ukoko mweupe. Neoni asili yao ni vijito vya Amazon, penye maji laini yenye asidi kidogo. Wale waliozalishwa mashambani huvumilia zaidi, lakini maji yetu si ya kwao. Furu hawana shida nayo.

La pili ni mdomo. Samaki anayeenea mdomoni mwa mwenzake ni chakula. Neoni ana urefu wa sentimita tatu au nne, na furu dume anaweza kukaribia kumi. Hapo hakuna uadui, kuna njaa tu.

La tatu ni tabia. Neoni huishi kwa kundi. Ukiweka wawili watatu tu, hujificha kwa woga. Furu dume hushika eneo lake na kulilinda. Wahenga walisema fahari wawili hawakai zizi moja, kwa hiyo katika tanki kama letu ni heri dume mmoja na majike kadhaa, pamoja na mawe mengi ya kujificha, ili jike mmoja asibebe usumbufu wote peke yake.

Basi nikawaambia mezani: hawa hawakai pamoja, tuchague. Mdogo wangu alinuna. Mama alicheka, akasema, "Afadhali nyinyi mnauliza kwanza. Sisi tulishawekewa sangara."

Nilidhani anatania. Sangara waliingizwa katika Ziwa Victoria kuanzia miaka ya 1950. Ni samaki anayeweza kuzidi kilo 100, na waliomleta walitaka samaki mkubwa wa kuvuliwa, atakayekula furu ambao wao waliwaona hawana thamani. Katika miaka ya 1980 sangara waliongezeka ghafla na furu wakapungua vibaya. Wanasayansi wanakadiria ziwa lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, na kwamba huenda aina 200 hivi zimepotea. Sangara hakuwa sababu pekee. Uvuvi ulizidi, na maji yalichafuka kwa udongo na taka. Jike la furu humtambua dume wa aina yake kwa rangi. Maji yakiwa na ukungu, haoni vizuri, na aina huchanganyika. Baadhi ya furu wamerudi tangu hapo, lakini si wote.

Mama anakumbuka kwamba alipoanza shule walikula furu, na alipomaliza darasa la saba walikula sangara. Hata hivyo hamlaani. Mjomba alipata kazi katika kiwanda cha minofu iliyopelekwa Ulaya, na mshahara ule uliwalipia karo wadogo zake. "Sangara alitusomesha," alisema. "Lakini furu nilikuwa nawapenda."

Mdogo wangu alisikiliza yote, kisha akaacha kudai neoni.

Tulivuka London hadi duka linalouza samaki wa maziwa ya Afrika. Kwenye kioo kimoja palikuwa na jina: *Pundamilia nyererei*. Mama alilisoma kwa sauti, halafu akalisoma tena. Pundamilia, kwa ajili ya ile milia myeusi. Nyererei, kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Jina hilo la pili lilitolewa na watafiti wa Kiholanzi waliofanya kazi Mwanza, wakalichapisha mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu alipong'atuka urais. Dume ana mgongo mwekundu na ubavu wa njano. Tulinunua dume mmoja na majike sita, tukarudi Woolwich kwa reli ya Elizabeth, Mama akiwa ameupakata mfuko ndani ya koti ili maji yasipoe.

Sasa mdogo wangu ndiye mlinzi wa tanki. Rafiki wa familia aliposhauri tuongeze kambare mmoja wa kusafisha mawe, alimjibu kwa heshima, "Shikamoo anko, lakini huyo ni sangara wetu." Mwezi uliopita jike mmoja aliacha kula na mashavu yakamvimba. Furu jike hubeba mayai na watoto mdomoni kwa wiki mbili hadi tatu, na muda huo wote hali kitu, au hula kidogo sana. Mama alimtazama akasema, "Amebeba. Mzimieni taa."

Watoto wamefika kumi na wanane na hatuwezi kuwaweka wote. Mwanachama au mwalimu mwenye tanki la kutosha, lenye chujio lililokwisha kukomaa kwa wiki kadhaa, anaweza kuchukua baada ya mitihani. Sharti ni moja: msiwaweke pamoja na furu wa aina nyingine. Wakizaana, watoto watakuwa wazuri pengine, lakini hawatakuwa tena nyererei.