Mfungwa Asiye na Hatia

Nimetazama sinema moja ya vita, iitwayo Hart's War, iliyotolewa Marekani mwaka 2002, nayo imenipa la kuwaza.

Habari yake ni ya Waamerika waliotekwa na Wadachi katika vita vya pili. Mmoja wao, rubani mweusi jina lake Scott, alishitakiwa kuwa amemwua mfungwa mwenziwe. Baraza likafanyika kambini, na kijana Hart, aliyesomea sheria, akasimama kumtetea. Lakini mkubwa wa wafungwa alilitaka baraza lile liwe pazia tu, Wadachi wasitambue shauri lake la siri. Scott hakuwa na hatia, naye alikuwa karibu kutolewa kafara.

Basi nikakumbuka yaliyotokea katika nchi yetu. Vita vya 1914 vilipoanza, Wadachi, ambao ndio waliotawala wakati ule, waliwafunga wamisionari Waingereza wa UMCA, misheni iliyofanya kazi hata huku kwetu Masasi na Newala. Kisha wakawakamata na waalimu Waafrika wa misheni ile, wakiwashuku kuwa wapelelezi wa Waingereza. Wako waliotiwa minyororo na kupigwa, na wako waliokufa. Waliokuwa wamefungwa Tabora walipata kufunguliwa Wabelji walipoutwaa mji ule, Septemba 1916. Mwaka 1918 Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, alipiga chapa barua yake kwa Jenerali Smuts, akieleza mateso ya Waafrika chini ya Wadachi.

Scott alikuwa askari, naye alipata mtetezi. Waalimu wale hawakushika bunduki. Walishukiwa kwa sababu ya watu waliowafundisha, si kwa sababu ya tendo lililoonekana.

Wahenga walisema, "Lisemwalo lipo, kama halipo laja." Mithali hiyo huonya vema, lakini haiwezi kuwa shahidi. Nasi huku vijijini hatuhitaji vita ili kumfunga mtu bure. Ng'ombe akipotea, au mtoto akifa ghafula, jina la jirani huanza kutajwa, na kabla ya jua kuchwa amekwisha hukumiwa vibarazani.

Basi, ndugu zangu, likija neno la namna hiyo nyumbani mwenu, baba na mama waulize mbele ya watoto: Ni nani aliyeona? Kama hakuna aliyeona, neno na liishie hapo mlangoni.