Anga la Shanzu na Njia Zisizoonekana



Shanzu yetu imekaa baina ya Bamburi na hori ya Mtwapa. Mtu akisimama ufukweni alasiri huona mwamba, ngalawa za wavuvi, na juu yake anga tupu. Utupu huo ni wa macho tu. Kiasi cha kilomita 20 kwa mstari ulionyooka, upande wa kusini-magharibi, upo uwanja wa ndege wa Moi kule Port Reitz, na anga linaloizunguka Mombasa limegawanywa kama mji: lina njia zake, milango yake na mabawabu wake. Juma hili tumeona vema kueleza safari ambayo tumekuwa tukiulizwa habari zake barazani, nayo ni ya ndege ndogo ya binafsi, watu wanne, kutoka Mombasa hadi Lamu.

Barabara kuu ya kurukia pale Moi ina urefu wa mita 3,350, na imelazwa kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki. Wazee wetu hawatashangaa. Ndege, kama jahazi, hutazama kaskazi na kusi. Ila jahazi hupenda upepo wa nyuma, na ndege hutaka kupaa na kutua ikiukabili upepo. Basi swali la kwanza la rubani ni lile lile la nahodha: upepo watoka wapi?

La pili ni hati. Kabla ya kuondoka, rubani huwapelekea waongozaji wa ndege mpango wa safari yake: namba ya ndege, ambayo kwa ndege za Kenya huanza na 5Y; njia atakayopita, mwendo, kimo, mafuta yatakayodumu kwa saa ngapi, na idadi ya nafsi zilizomo. Hata saa ina adabu yake. Saa nne ya asubuhi kwetu huandikwa 0700, kwani marubani wa dunia nzima hutumia saa moja ya pamoja, iliyo nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Aliyezoea saa ya Kiswahili na ile ya Kizungu, akaongezewa na hii, hana budi kuandika mara moja na kusoma mara tatu.

La tatu ni hesabu. Kutoka Moi hadi Manda kwa kupitia Malindi ni kilomita 245 hivi. Ndege ya injini moja yenye viti vinne, mfano wa Cessna 172, huchukua takriban saa moja na robo. Mafuta ya kufikia hayatoshi. Kanuni za safari ya mchana hudai akiba ya dakika 30 juu yake. Na viti vinne si ruhusa ya watu wazima wanne, mizigo yao na matangi yaliyojaa. Aghalabu kimoja kati ya hivyo hupunguzwa. Kwa hiyo mgeni asione haya kupimwa uzito, wala asikasirike akiambiwa aache Lamu vile vipeto vya halua alivyofungashiwa.

La nne, na ndilo zito, ni mipaka. Yako maeneo ya anga yaliyopigwa marufuku, yako yanayoingiwa kwa masharti, na yako yaliyotangazwa kuwa ya hatari. Mengine hufungwa kwa siku chache tu, hivyo rubani hulazimika kusoma matangazo mapya kila anaposafiri. Ramani ya mwaka jana si hoja. Katika njia hii upo mfano ulio wazi. Uwanja wa abiria wa Lamu uko kisiwani Manda. Kilomita chache kaskazini yake, upande wa bara huko Magogoni, upo uwanja wa kijeshi uitwao Manda Bay, ambao ulishambuliwa tarehe 5 Januari 2020 na Wamarekani watatu wakauawa. Majina yanakaribiana, na viwanja vyenyewe viko mbalimbali kabisa kwa hukumu. Kukosea hapo si sawa na kukosea kichochoro cha Mji wa Kale.

Hata baada ya hayo yote, rubani hajimiliki. Mnara humwambia apande hadi futi ngapi, apite upande wa bahari au wa bara, au angoje ndege kubwa ya Nairobi itue kwanza. Naye hurudia maagizo hayo kama mwanafunzi wa chuo anavyomsomea mwalimu wake, ili ijulikane kuwa amesikia sawasawa. Asiporudia vema, husahihishwa papo hapo.

Huenda msomaji akasema masharti haya yamezidi. Na akumbuke tarehe 5 Machi 2024, pale ndege ndogo ya mafunzo na ndege ya abiria iliyokuwa ikielekea Diani zilipogongana angani jijini Nairobi. Ile kubwa ilirudi salama. Waliokuwa katika ile ndogo, mwalimu na mwanafunzi wake, walifariki wote wawili. Na tarehe 10 Januari 2025 ndege ndogo ilianguka barabarani karibu na Malindi, wakafa watu watatu ambao hawakupanda ndege yoyote; walikuwa katika njia yao ya kila siku. Kwa hiyo hesabu ya rubani ina haki za wengine ndani yake: walio angani pamoja naye, na sisi tulio chini.

Hapa ndipo penye neno letu kwa familia. Hatari nyingine haitoki mawinguni, hutoka kwa abiria. Harusi inangoja, maiti anangoja kuzikwa, mwenye nyumba amekwisha pika. Basi jamaa humzunguka rubani na kumsihi aondoke ilhali wingu limefunga au ruhusa haijatoka. Wazee wetu hawakumfanyia hivyo nahodha. Akisema leo hatutweki tanga, watu walishusha mizigo wakarudi majumbani, wala hapakuwa na aliyemwita mwoga.

Anayealikwa katika safari kama hii na aulize mambo manne: je, leseni ya rubani na cheti cha ndege vingali hai? Mpango wa safari umepelekwa? Mafuta ya akiba yapo? Na tukizuiwa kutua Manda, tutakwenda wapi? Rubani mwema hafurahii abiria asiyeuliza. Kisha na asome dua ya safari, afunge mkanda, na amwachie rubani neno la mwisho, hasa neno hilo likiwa ni "leo hatuendi."

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu wa nchi kavu, wa baharini na wa angani. Amin.